Reli Haijui Jina la Baa

Binamu yangu anaendesha lori huko Illinois, Marekani, na kama walivyo ndugu wengi walio mbali, hutuma vitu kwenye kundi la familia bila maelezo. Mara picha ya theluji, mara risiti ya dizeli. Siku moja akatuma video fupi ya simu yake: ramani imejaa vidoti, kidole chake kinagusa kidoti kimoja, unafunguka ukurasa wenye namba, jina la kampuni ya reli, idadi ya treni zinazopita kwa siku na aina ya tahadhari iliyowekwa pale. Chini yake akaandika: "Serikali ya huku ina programu ya vivuko vya reli. Nyie watu wa Igogo mnasemaje?"

Alijua anamwandikia nani. Mimi ni fundi simu. Kibanda changu kipo hapa Igogo, Mwanza, jirani kabisa na njia ya reli, mahali ambapo barabara ya vumbi inakatiza reli ya zamani inayotoka mjini Mwanza kwenda Fela, Malampaka, Shinyanga hadi Tabora. Reli hii ilifika Mwanza mwaka 1928, na kwa jinsi kivuko chetu kilivyo unaweza kuamini kwamba hakuna aliyekigusa tangu hapo. Mbele yangu kuna kijiwe cha bodaboda. Nyuma yangu kuna jiwe kubwa kuliko nyumba, maana Mwanza hujengi kitu bila kuwa na jiwe nyuma yako. Kivuko hakina geti wala taa. Kina kibao cha msalaba kilichopauka, na vyuma viwili vilivyozama kwenye udongo kiasi kwamba mgeni akija usiku anaweza kuvuka asijue amevuka nini.

Jioni nikaipeleka video kijiweni. Kabla sijasema walichosema, niielezee programu yenyewe kwa haki, kwa sababu nusu ya maneno yaliyotoka siku ile yalitokana na kutoielewa. Inaitwa Rail Crossing Locator. Ilitolewa mwaka 2013 na FRA, yaani idara ya serikali kuu ya Marekani inayosimamia usalama wa reli, ikaanzia kwenye iPhone kabla ya kuletwa kwenye Android. Haikwambii treni iko wapi. Hailii ukikikaribia kivuko. Inakuonyesha vivuko vilivyoandikwa kwenye daftari la serikali, na ni zaidi ya 200,000 nchi nzima, kila kimoja kikiwa na namba yake ya tarakimu sita na herufi moja mwishoni. Unaona kama pana geti, taa au kibao tu. Ukikuta kilichoandikwa si sahihi, unawaandikia wahusika humo humo kwenye programu.

Basi. Kijiweni ikawa sherehe.

"Kwa hiyo treni inakuja, mimi nimeshika simu naulizia kama hapa kuna reli?" akaanza mwenyekiti wa kijiwe, akasimama na kuigiza: mkono mmoja kwenye usukani wa pikipiki, mwingine unaperuzi, macho chini, mdomo unasema "subiri ifunguke, subiri ifunguke". Watu wakaanguka. Mwingine akasema hiyo ni sawa na kumpigia simu mtu aliyesimama juani kumjulisha kwamba jua linawaka. Mmoja akauliza inakula bando kiasi gani, akajibiwa kwamba bando lake lote ni la saa moja na saa hiyo ni ya mpira. Kijana mmoja mpole, ambaye huwa haongei sana, akasema, "Wenzetu wana hela za kuchezea. Sisi hata rangi ya kile kibao hatuna."

Akaingia mama anayekaanga samaki upande wa pili wa reli, amekuja kuchukua simu yake ya kitochi niliyombadilishia betri. Wakamwelezea kwa kelele, kila mtu na tafsiri yake. Akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Mwanangu, mimi treni naijulia kwenye mifuniko."

Hilo ni kweli, nimelishuhudia. Masufuria yake ya alumini yanakaa kwenye meza ya mbao yenye mguu mmoja mfupi. Treni ikiwa bado nyuma ya kona, kabla honi haijasikika vizuri, mifuniko huanza kutetemeka na kutoa sauti nyembamba ya bati kwa bati. Yeye hasemi kitu. Huinua karai la samaki, husogeza kiti, huwaita watoto kwa jina mmoja mmoja. Wateja wake wa siku zote wakimwona ameshika karai, nao hurudi nyuma. Programu ya nani itashindana na hiyo?

Maneno yaliyoniingia zaidi ni ya dereva mmoja wa bajaji, aliyekuwa anakunywa kahawa pembeni: "Serikali ikitaka kuniokoa, iweke geti. Ikinipa programu imenirudishia kazi yangu mwenyewe." Pale hata waliokuwa wakicheka walinyamaza kidogo, kisha wakaitikia, eeh, huyo kasema.

Nilimwandikia binamu yote hayo. Nikamuuliza kama na madereva wenzake huko walicheka. Akasema walicheka sana, na maneno yenyewe hayakutofautiana na ya kwetu: mtu anayetazama simu kwenye kivuko cha reli ndiye wa kwanza kuzolewa. Nikamuuliza yeye ameifungua mara ngapi. Akajibu kwamba aliipakua ili anitumie mimi ile video.

Sasa mimi ninayekula kwa simu niseme ninachokijua. Walipocheka kuhusu simu na reli, walikuwa sahihi kuliko walivyodhani. Tatizo la kivuko chetu ni simu kwanza, treni baadaye. Bodaboda wetu hawashiki simu mkononi; wanaichomeka ndani ya helmeti, kati ya shavu na sponji, wanaongea huku wanaendesha. Wasio na helmeti wanaweka hedifoni masikio yote mawili. Siku moja kijana aliniletea simu iliyopasuka kioo chote. Nilipoifungua kava ikamwagika kokoto ndogo ya rangi ya kijivu, ile ya reli, siyo ya barabarani. Akaniambia ilichomoka kwenye helmeti alipofunga breki ghafla: honi ilimfikia akiwa tairi la mbele limeshapanda chuma cha kwanza. Alirudi nyuma kwa miguu, pikipiki katikati ya mapaja, anaisukuma kama mtoto anayejifunza baiskeli. Mteja aliyekuwa anaongea naye bado alikuwa hewani, anauliza, "Haloo, umefika wapi?"

Na honi yenyewe kwetu ni ya kutegea. Mawe ya Mwanza yanachezea sauti. Treni ikipiga honi upande wa kusini, jiwe la nyuma ya kibanda changu linairudisha, wewe uliye katikati unageuza shingo upande ambao hakuna kitu. Wageni wengi nimewaona wanatazama kaskazini huku kichwa cha treni kinatokea kusini. Wenyeji tumezoea kutazama pande zote, lakini mwenyeji mwenye hedifoni hana tofauti na mgeni.

Kuna mzee mmoja mstaafu wa reli anayekuja kuchaji simu kwangu kila asubuhi, ingawa nyumbani kwake kuna umeme. Nadhani anakuja kuisubiri treni. Alifanya kazi ya ufundi wa njia, kubadilisha mataruma, kukaza skrubu, kutembea kwa miguu kuikagua reli kutoka stesheni hadi stesheni. Yeye hakucheka kuhusu programu. Aliuliza swali moja tu: "Inawaambia kwamba treni haiwezi kusimama?" Nikamwambia sidhani. Akasema basi imeacha jambo kubwa. Gurudumu la chuma juu ya chuma halishiki kama tairi kwenye lami. Ndiyo maana kichwa kimoja kinavuta mzigo wote ule, na ndiyo maana hakiwezi kuukatisha ghafla. Wamarekani wenyewe husema treni ndefu ya mizigo ikiwa kwenye mwendo wa karibu kilomita 90 kwa saa inahitaji zaidi ya kilomita moja na nusu ili isimame. Ya kwetu ni fupi na haikimbii hivyo, lakini tabia ni ile ile. Dereva akikuona juu ya reli, amekuona tu. Hana cha kukufanyia zaidi ya honi na maombi.

Mzee hapendi kuzungumzia ajali, ila ya Manyoni huitaja. Novemba 2023, mkoani Singida, basi la abiria liligongana na kichwa cha treni kwenye makutano ya reli na barabara, watu 13 wakapoteza maisha. Basi halikuwa geni kwenye njia ile. Ndiyo maana mimi nikisikia mtu anasema ajali za reli ni za wasiojua kama kuna reli, huwa namtazama tu. Wanaogongwa wengi wanajua. Wamevuka pale pale jana na juzi na treni haikuwepo.

Binamu alipoona tumelichukulia jambo kwa uzito, akaanza kutuma mengine. Akatuandikia kwamba mwaka 1972 Marekani walikuwa na migongano kama 12,000 ya treni na magari kwenye vivuko kwa mwaka mmoja, na miaka hii ni kama 2,000. Sasa hesabu mwenyewe: sehemu kubwa ya kushuka huko ilipatikana kabla mtu yeyote hajawa na simujanja mfukoni. Walifunga vivuko visivyo na lazima, wakaweka taa na mageti, wakajenga madaraja ya kupita juu, na wakawafundisha watu. Mpango wao mkubwa wa elimu, Operation Lifesaver, ulianzia jimbo la Idaho mwaka huo huo wa 1972. Niliwasomea kijiweni. Dereva wa bajaji akajiegemeza kwenye kiti na kusema, "Si niliwaambia? Geti." Alitamba wiki nzima.

Hapo ndipo hadithi ingeishia, na sisi tungebaki na mzaha wetu, kama isingekuwa kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, iliyobeba dagaa.

Ilikuwa mvua imenyesha usiku kucha, ile ya kwetu ya ziwani inayokuja na radi na kuondoka asubuhi kama haijafanya kitu. Maji yalikuwa yamechimba udongo pembeni ya chuma. Kirikuu imetoka Mwaloni, Kirumba, imejaza magunia ya dagaa mpaka springi zimelala. Tairi la nyuma likadumbukia kati ya reli na barabara, gari likakaa chali kidogo, limekatiza njia sawasawa. Dereva akakanyaga mafuta, tairi likazunguka, matope yakaruka hadi kwenye kioo cha kibanda changu. Harufu ya dagaa na klachi iliyoungua ikatanda eneo zima.

Mlichokifikiria ndicho kilichotokea. Kila mtu alitoa simu. Wengine walianza kurekodi, niwe mkweli, lakini wengi walikuwa wanapiga. Mmoja alipiga polisi. Nilimsikia vizuri kwa sababu alikuwa amesimama chini ya mwavuli wangu.

"Afande, kuna gari limekwama kwenye reli huku."

Akaulizwa wapi.

"Igogo, relini."

Relini wapi?

"Hapa pa mama samaki. Karibu na ile baa."

Baa ipi? Akataja jina. Sasa baa yenye jina hilo zipo mbili, na zote ziko kando ya reli, maana mwenye nazo ni mmoja. Yule wa upande wa pili alikuwa anajitahidi kwa kweli, anauliza ni ile ya juu au ya chini, na kijana wetu anajibu "ya chini", halafu mwingine pembeni anapaza sauti "siyo, ya chini ni ile ya kule!" Wakabishana simu ikiwa hewani. Mwingine alikuwa anampigia shemeji yake anayefanya kazi bandarini, akidhani bandari na reli ni kitu kimoja. Mwenyekiti wa kijiwe alikuwa anatafuta namba ya stesheni kwenye intaneti, na mtandao, kama kawaida ya siku ya mvua, unazunguka tu. Nilimwangalia akiwa amesimama pale, macho kwenye kioo, anasema kimya kimya "subiri ifunguke". Nilitamani kumkumbusha, nikaona siyo wakati wake.

Mzee hakupiga simu. Aliuchomoa mwavuli wangu, ule mkubwa mwekundu, kwenye zege lake, akaukunja, akampa kijana mmoja mwenye mbio. "Fuata reli mpaka upite kona. Ukiiona treni, usisimame katikati, kaa pembeni, uufungue na kuutikisa mpaka ipige honi. Usirudi mpaka nikuite." Mwingine akampa khanga nyekundu ya mama samaki na kumtuma upande wa pili. Kisha akamfuata dereva wa kirikuu, ambaye alikuwa bado ameng'ang'ania usukani, akamshika mkono. "Shuka, baba. Dagaa watanunuliwa wengine."

Wakashuka, yeye na utingo wake. Magunia yakashushwa kwa mstari, mkono kwa mkono, gari likawa jepesi, vijana wakalibeba kwa vishindo vitatu, likatoka. Treni haikuja muda ule. Ilikuja baadaye sana, ya mizigo, ikipita polepole, na dereva wake akapunga mkono kama siku zote, hakujua kitu. Watu huwa hawapendi ninavyolisimulia kwa sababu hakuna aliyeumia. Lakini mimi nilikuwa nimesikia ile simu ya polisi, na haikunitoka kichwani.

Usiku nikamwandikia binamu. Nikamuuliza: huko kwenu gari likikwama kwenye reli, mtu anapiga wapi na anasema nini? Akaniambia subiri kesho. Kesho yake akatuma picha aliyoipiga kivukoni akiwa nje ya lori: kibao kidogo cha bluu, chini kabisa ya nguzo yenye msalaba, chenye maandishi meupe. Juu pameandikwa uripoti tatizo au dharura, katikati namba ya simu ya kampuni ya reli inayohusika, chini namba ya kivuko. Tarakimu sita na herufi. Ile ile iliyokuwa kwenye kidoti cha ramani.

Kampuni za reli zilitakiwa kisheria ziwe zimeviweka vibao hivyo na kuwa na mtu wa kupokea simu kufikia Septemba 2015. Maelekezo wanayopewa madereva ni mafupi: gari likikwama, watu wote washuke, waondoke kwenye njia, kisha mtu apige namba ya kibao na kutaja namba ya kivuko. Treni ikiwa inaonekana inakuja, wakimbie kwa mshazari kuelekea inakotokea huku wakijitenga na reli, wasikimbie inakokwenda, kwa sababu gari likigongwa mabaki yanarushwa mbele. Hili la mwisho niliwasomea vijana mara mbili, hawakuliamini mpaka mzee alipoitikia.

Nikaelewa kilichokuwa kimetupita siku ya kucheka. Sisi tuliitazama ramani kwenye simu. Kitu chenye thamani kilikuwa namba iliyobandikwa kwenye nguzo, na mtu aliyelipwa kukaa mahali aipokee. Programu ni mlango mmoja tu wa kuingilia kwenye daftari hilo. Kibao cha bluu ni mlango mwingine, na mama samaki mwenye kitochi anaweza kuupita bila bando.

Nilipomwonyesha mzee ile picha, aliitazama muda mrefu, akaikuza kwa vidole viwili jinsi nilivyomfundisha. Akasema, "Na sisi tunayo." Nikasema hatuna, mbona hakuna kibao. Akanishika mkono akanipeleka kando ya reli, tukatembea kidogo kuelekea mjini, akaonyesha kwa fimbo nguzo fupi iliyofunikwa na majani. Ni nguzo ya kilomita. Reli yote inahesabiwa kutoka Dar es Salaam, na kwa hapa Mwanza umeshavuka kilomita 1,200. Mafundi wa njia, madereva, wakuu wa stesheni, wote wanazungumza kwa kilomita. Ukimwambia mtu wa reli kilomita fulani na fulani, anajua kona, anajua karavati, anajua hata mti. "Reli haijui jina la baa," mzee akasema. "Inajua kilomita. Ila hakuna aliyewahi kuwaambia nyie."

Nikamwomba mwenyekiti wa kijiwe twende stesheni, tukiongozana na mzee, aliyevaa koti. Tulipokelewa vizuri kuliko tulivyotarajia. Mtumishi tuliyemkuta alitusikiliza, akacheka kuhusu baa mbili, akaandika kwenye karatasi namba ya simu ya zamu na kilomita ya kivuko chetu ikiwa na nukta yake, na kumwambia mzee, "Shikamoo, mwalimu," kwa sababu kumbe alifundishwa kazi naye. Kuhusu geti hakuahidi kitu na sisi hatukumbana. Geti siyo la kuamuliwa na mtu wa kaunta.

Vijana walitaka wakirudi wapake namba kwenye ile nguzo ya msalaba. Mzee akakataa katakata: hiyo ni mali ya reli, huandiki juu yake kama ukuta wa choo. Basi tukaandika kwenye kibanda changu, upande unaotazama kivuko, rangi nyeupe juu ya bluu. Bluu ilikuwa bahati tu, ndiyo rangi iliyobaki dukani kwa bei tuliyoiweza. Kilomita juu, namba ya simu chini, na katikati mwenyekiti akalazimisha maneno "SHUKA KWANZA, PIGA BAADAYE". Nilipinga nikisema inasomeka kama tangazo la daladala. Nilishindwa kwa kura.

Watu walivyolipokea? Wapo waliocheka, kama kawaida. Mpita njia mmoja aliuliza kama sasa nauza tiketi za treni. Kuna waliopiga namba ile kuuliza nauli ya kwenda Tabora, na mmoja, sijui nani, alipiga kuulizia mzigo wake uliopotea kwenye meli, mpaka mtumishi wa zamu akanitumia ujumbe wa kunisihi niongeze neno "DHARURA". Nimeongeza. Na wapo waliosema tumejipa kazi ya serikali bila mshahara. Hao siwezi kuwapinga. Dereva wa bajaji ndiye kinara wao, na bado yuko sahihi kuhusu geti.

Shemeji yangu ambaye ni mvuvi, anatokea Igombe, alitoa maoni ambayo sikuyatarajia. Nilidhani atasema hayamhusu. Akasema ziwani ni hivyo hivyo: Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa utabiri wa ziwa, vijana wengine wanaupata kwenye simu, lakini mtumbwi ukiwa ndani simu ipo kwenye mfuko wa nailoni umefungwa na mpira, hakuna wa kuifungua. Kinachowasaidia ni kilichosikika redioni kabla ya kutoka na kilichosemwa mwaloni. Taarifa ikishindwa kukufikia ukiwa bado nchi kavu, akasema, usiitegemee majini. Sikuona haja ya kuongeza kitu.

Kijana mmoja wa familia, anayesoma mambo ya kompyuta chuoni, amepata moto. Anataka kutengeneza programu ya vivuko vyote vya reli kutoka Mwanza hadi Isaka, yenye ramani, king'ora, na sauti ya mwanamke inayosema "tahadhari". Ameshachora nembo. Nimemwambia aanze na daftari: atembee na mzee, waandike kila kivuko, kilomita yake, kama kina kibao, kama kona inaziba macho, kama pana mtu wa karibu mwenye simu. Amenuna kidogo. Kwenye masomo yake hakuna somo la kutembea relini na mstaafu. Lakini Jumamosi iliyopita niliwaona wawili hao wanaelekea Mkuyuni, mzee mbele na fimbo, dogo nyuma na kalamu sikioni.

Wengine wanasema tunapoteza muda, SGR, ile reli mpya ya kisasa, inakuja. Ni kweli jiwe la msingi la kipande cha Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, liliwekwa Juni 2021, na reli ile inajengwa ili barabara zipite juu au chini yake, kwa sababu treni ya kilomita 160 kwa saa haiwezi kuvukwa kwa kuchungulia. Nitafurahi siku nitakayoipanda. Ila Dar es Salaam hadi Dodoma SGR inafanya kazi na reli ya zamani bado ipo pembeni yake ikipitisha treni, kwa hiyo sioni kwa nini kivuko changu kife haraka.

Juzi namba ya zamu ilibadilika, tukapaka upya. Mwenyekiti akatumia nafasi hiyo kukagua simu za wanachama mmoja mmoja, kuona kama kila mtu ameihifadhi mpya. Wengi walikuwa nayo. Mmoja ameiandika "Reli". Mmoja "Treni Dharura". Yule kijana mpole ameiandika kwa jina la mwanamke, na alipoulizwa akasema mkewe hukagua simu, jina la ajabu ajabu linazua maswali mengi kuliko jina la dada. Mwenyekiti amempa siku tatu abadilishe, naye amekata rufaa.